Neno, Nia na Vazi: Hatia katika Lugha ya Ubaguzi wa Rangi

Swali linalotawala mijadala ya ubaguzi wa rangi katika zama hizi za mitandao ya kijamii si la siasa peke yake, bali ni swali la kale la falsafa ya maadili na la elimu ya dini: mtu anapotamka neno linalomdhalilisha mwenzake kwa sababu ya rangi au asili yake, hatia inakaa wapi? Je, inakaa moyoni, yaani katika nia ya msemaji, au inakaa katika neno lenyewe na jeraha linaloliacha, au inamwenea mtu mzima hata akastahili kuitwa mbaguzi kama mwingine anavyoitwa mwizi? Anayefuatilia mabishano hayo huona kwamba wahusika huzungumza kana kwamba wanajibizana, ilhali kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Aliyeumizwa hueleza neno limemfanya nini. Aliyelitamka hujitetea kwamba ulikuwa mzaha tu, kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba mwenzake amelichukulia vibaya. Na watazamaji, ambao huenda ni maelfu na hawamjui yeyote kati ya hao wawili, hukimbilia kuamua msemaji ni mtu wa namna gani. Makala haya yanashikilia kwamba hayo ni maswali matatu yenye mahakimu watatu, na kwamba mapokeo ya dini yanayojulikana na wasomaji wengi wa Kiswahili yaliyatenganisha zamani, tena kwa uangalifu mkubwa kuliko unaoonekana katika mijadala ya leo.

Inafaa kwanza istilahi zielezwe. Kubagua, katika Kiswahili cha kila siku, ni kutenga kitu na vingine, na kitendo hicho peke yake hakina lawama, kwa kuwa hata mkulima hubagua mbegu za kupanda na nafaka za kula. Lawama huingia pale kinachotengwa kinapokuwa mtu, na kipimo kinapokuwa jambo ambalo mtu huyo hakulichagua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi wa rangi, uliopitishwa Desemba 1965 na kuanza kutumika Januari 1969, haukuishia kwenye rangi ya ngozi, bali ulitaja pia nasaba na asili ya taifa au ya kabila. Na jambo lililo muhimu zaidi kwa swali hili ni kwamba mkataba huo ulihesabu kuwa ubaguzi hata kile ambacho hakikukusudiwa, ikiwa matokeo yake ni kuwanyima watu haki zao. Kiswahili, kwa kuuita uovu huu kwa jina la rangi, kimewasaidia wasemaji wake kuutambua pale mweupe anapomdharau mweusi, lakini kimewapa pia kisingizio, kwa maana katika miji ya pwani watu wenye rangi moja wametengana kwa nasaba kwa muda mrefu, kisha wakasema kwamba kwao hakuna ubaguzi wa rangi kwa kuwa wote ni weusi.

Wanaoiweka hatia katika nia wana hoja nzito. Mwanafalsafa J. L. A. Garcia, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu kiini cha ubaguzi, alidai kwamba ubaguzi kimsingi ni ugonjwa wa moyo, yaani kumtakia mtu shari, au kutomjali, kwa sababu ya kundi analohesabiwa kuwa ni lake. Msomaji Mwislamu hasikii jambo geni hapa, kwa kuwa hadithi inayosema kwamba matendo huhesabiwa kwa nia ndiyo iliyowekwa mwanzoni kabisa mwa mkusanyo wa Imamu Bukhari, na kila mtoto aliyepita chuoni anaijua. Mtazamo huu una heshima yake: unamkinga asiyejua asiadhibiwe kama anayejua, na unakumbusha kwamba adabu ya ulimi peke yake haitoshi, kwa maana mtu aweza kuyaacha maneno yote mabaya na bado akawa na dharau iliyokamilika moyoni.

Hata hivyo mtazamo huo hauwezi kubeba uzito wote wa jambo hili. Frantz Fanon, tabibu wa magonjwa ya akili aliyezaliwa kisiwa cha Martinique, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1952 tukio la ndani ya treni nchini Ufaransa, ambapo mtoto mdogo anamwona mtu mweusi, anamwonyesha mama yake kwa kidole na kusema kwamba anaogopa. Mtoto yule hana chuki ya kupimwa wala shari aliyoipanga. Hofu yake ni mali ya waliomtangulia, naye ameipokea kama alivyopokea lugha. Lakini aliyeonyeshwa kidole anahisi mwili wake unaondolewa mikononi mwake na kurudishwa ukiwa kitu kingine, kitu cha kutisha, kilichojaa hadithi ambazo wengine wamezitunga. Ikiwa hatia ni nia pekee, basi katika treni ile hakuna lililotokea. Na nadharia inayolazimika kusema hivyo imeshindwa kueleza kile kile ilichokusudia kukieleza.

Sababu ya kushindwa huko ni kwamba neno lina kumbukumbu ndefu kuliko ya anayelisema. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Sifa ya mtu mwenye adabu na elimu ya mji iliitwa zamani uungwana. Katika karne ya 19, wakati utawala wa nasaba ya Busaidi kutoka Oman ulipoimarika Unguja, neno ustaarabu, ambalo katika mzizi wake wa Kiarabu linahusu kuchukua hali ya Waarabu, lilizidi kuchukua nafasi hiyo. Uungwana nao haukuwa bila doa, kwa kuwa muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Upande wa pili alisimama mshenzi, jina alilopewa mtu wa bara asiye wa mji wala wa dini. Leo mama anayemkemea mwanawe kwa kumwaga uji makusudi huita jambo hilo ushenzi, naye humsifu jirani yake kuwa mstaarabu, bila kuwaza hata chembe kuhusu bara wala Uarabu. Hana hatia, na itakuwa dhuluma kumtafutia. Lakini ngazi ile ya kale imebaki ndani ya maneno, kama jina la mmiliki wa kwanza lililofutwa nusu kwenye ukurasa wa kitabu, na anayetaka kuisoma ataisoma.

Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi katika neno abdi, lenye maana ya mtumwa au mja. Mwislamu huliona ni fahari linapokamilishwa kwa jina la Mungu, na ndiyo maana akina Abdalla na Abdulrahmani wamejaa kuanzia Lamu hadi Kilwa. Katika lahaja kadhaa za Kiarabu cha mitaani, hata hivyo, neno lilo hilo hutumiwa kumwita mtu mweusi, na hapo linalolikamilisha si Mungu tena bali ni binadamu mwingine anayejiweka katika nafasi ya bwana. Jamaa za Waomani waliorudi Muscat kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, walionja upande mwingine wa mchezo huo wa majina: waliokuwa wakiitwa Waarabu visiwani walijikuta wakiitwa Wazinjibari Oman, kwa sababu ya Kiswahili chao na desturi walizozibeba. Mtu ni yule yule, damu ni ile ile, lakini mahali pamebadilika na jina limebadilika pamoja napo. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba makundi haya hayakuumbwa kama mito na milima, bali hutengenezwa kila siku kwa kutajwa.

Zanzibar ilionyesha pia kile kinachotokea maneno yaliyolala yanapoamshwa. Katika miaka ya 1957 hadi 1963, ambayo Wazanzibari huikumbuka kuwa zama za siasa, magazeti na majukwaa ya vyama yaligeuza asili ya mtu kuwa hoja. Upande mmoja ulirudia kumbukumbu za utumwa na kuwaita wengine wavamizi. Upande mwingine ulijivunia ustaarabu na kuwaita wenye asili ya bara wageni wasio na haki ya kuamua mambo ya visiwa. Kila mwandishi aliweza kusema kwamba anataja historia tu, na mara nyingi alichokitaja kilikuwa na ukweli ndani yake. Wakati huo huo watu waligomeana madukani na hata mazikoni, na wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu ya wenye mashamba walifukuzwa. Uchaguzi wa Juni 1961 ulizaa ghasia zilizoua watu 68, wengi wao wakiwa Waarabu, na mapinduzi ya Januari 1964 yakamwaga damu nyingi kuliko hiyo. Kuuliza nia ya kila mwandishi kungefaa kwa hesabu yake mbele ya Mungu. Lakini jirani aliyefungiwa mlango hakufungiwa na nia, alifungiwa na maana ambayo maneno yalikuwa yamekwisha kuipata mitaani.

Ikiwa kazi ya neno haipimwi kwa nia, nani basi anayeipima? Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika maarifa, alitofautisha aina mbili za dhuluma zinazosaidia kulijibu swali hili. Ya kwanza ni dhuluma ya ushahidi, ambapo mtu hupunguziwa imani katika anachosema kwa sababu ya kundi lake. Ya pili ni dhuluma ya fasiri, ambapo mtu hupatwa na jambo ambalo jamii yake haijalipa jina, hivyo hata yeye mwenyewe hashindwi kulisema tu, bali hushindwa kulielewa kikamilifu. Mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania kwenda nchi za Ghuba aweza kukutana na zote mbili kwa mpigo: akisimulia, huambiwa kwamba anatia chumvi, akikaa kimya, ni kwa sababu kile kilichomuumiza, pengine kikombe kilichotengwa kwa ajili yake peke yake au jina ambalo hakupewa na wazazi wake, kinaonekana kidogo mno kuitwa ubaguzi. Wahenga waliosema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake walikuwa wanasema jambo la elimu ya maarifa: kuna ujuzi unaopatikana mahali fulani tu, na aliyekaa kwingine hana budi kuupokea kwa kusikiliza. Hii haina maana kwamba aliyeumizwa hawezi kukosea, kwa kuwa shahidi yeyote aweza kukosea. Ina maana kwamba yeye ndiye shahidi wa kwanza, na kwamba kumnyamazisha kabla hajamaliza kusema ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ni hapa ambapo kisa cha Abu Dharri al-Ghifari, kilichomo katika mkusanyo wa Bukhari, kinastahili kusomwa polepole. Abu Dharri alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kusilimu, mtu aliyejulikana kwa kuikataa anasa ya dunia na kwa ukali wake katika haki. Siku moja aligombana na mtu na kumtukana kwa mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Mapokeo mengine humtaja aliyetukanwa kuwa Bilali bin Rabahi, na tusi lenyewe kuwa ni kumwita mwana wa mwanamke mweusi. Aliyetukanwa alipeleka habari kwa Mtume. Mtume hakumwambia kwamba amelichukulia vibaya, wala hakumwita Abu Dharri kumuuliza alikuwa na maana gani. Alimuuliza mambo mawili ya hakika: kama alimtukana fulani, na kama alimtaja mama yake. Abu Dharri akakiri yote mawili. Katika kitabu kile kile kinachofunguliwa kwa hadithi ya nia, nia haikuulizwa, kwa sababu kesi iliyokuwa mezani ilikuwa ya neno na kazi yake, na kwa kesi hiyo shahidi alikuwa amekwisha kusikilizwa.

Ndipo likaja karipio, na namna lilivyoundwa ndiyo fundisho lenyewe. Mtume alimweleza Abu Dharri kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake bado umo ujahiliya, yaani ile hali ya zama za kabla ya Uislamu ambayo haikuwa ukosefu wa elimu tu, bali ilikuwa kiburi cha nasaba, cha kuhesabu mababu na kujipandisha kwa damu. Hakumwita kafiri, wala hakumfanya kuwa mtu wa jahiliya. Alisema umo ndani yake, kama mtu aambiwavyo kwamba bado ana mabaki ya homa. Bukhari aliiweka hadithi hii katika kitabu cha imani, chini ya kichwa kinachofafanua kwamba maasi yanatokana na ujahiliya, lakini mwenye kuyatenda hahukumiwi kuwa amekufuru isipokuwa kwa ushirikina. Kwa hiyo kosa lilitajwa kwa jina lake zito, bila kupakwa asali, na wakati huo huo mlango wa mtu mwenyewe haukufungwa. Katika mapokeo mengine Abu Dharri anashangaa na kuuliza kama hali hiyo imo hata sasa katika umri wake wa utu uzima, naye anajibiwa kwamba imo. Mshangao huo ni wa kila mtu mwema anayeambiwa kwamba neno lake limebagua: hudhani kwamba wema wake wa miaka mingi ni jibu, kumbe wema na mabaki ya kiburi hukaa nyumba moja.

Biblia nayo ina kisa kinachosimama jirani na hiki. Katika sura ya 12 ya kitabu cha Hesabu, Miriamu na Haruni wanamsema ndugu yao Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, na Kushi ni nchi ya watu weusi iliyokuwa kusini mwa Misri. Wafasiri hawakubaliani kama rangi ndiyo iliyokuwa kiini cha maneno yao, kwa kuwa walilalamikia pia cheo cha Musa. Lakini wengi wameona uzito katika adhabu yenyewe, kwa maana Miriamu aliyemsema mwanamke wa Kushi alipigwa ukoma ulioifanya ngozi yake kuwa nyeupe. Musa mwenyewe alimwombea dada yake. Miriamu akatengwa nje ya kambi siku 7, na maandiko yanaeleza kwamba watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Adhabu ilikuwa kweli, tena ya hadharani, lakini ilikuwa na mwisho, na taifa zima lilisimama jangwani kumngoja aliyekosea. Mijadala ya leo inajua vema kumtoa mtu nje ya kambi. Isichokijua ni kuhesabu hizo siku 7, wala kungoja.

Haki inadai pia pengo la kisa hicho litajwe. Mwanamke Mkushi hana jina wala hasemi neno hata moja, na msomaji hajui kama aliyasikia yaliyosemwa juu yake. Lugha inayoshughulika na toba ya mkosaji peke yake humsahau aliyekosewa kwa urahisi wa namna hii, na hapo huruma yenyewe hugeuka kuwa dhuluma. Ndiyo maana mwisho wa kisa cha Abu Dharri ni wa thamani kubwa, kwa kuwa mzani unarudi kwa aliyekuwa chini. Mpokezi wa hadithi anaeleza kwamba alikutana na Abu Dharri mahali paitwapo Rabadha, miaka mingi baadaye, akiwa amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa vazi kama hilo. Watu walimshauri kwamba angelichukua la mtumishi na kuliunganisha na lake, angepata vazi kamili la vipande viwili, kisha mtumishi angepewa nguo nyingine. Kwa kumjibu, Abu Dharri alisimulia tusi lake la zamani na karipio alilopewa, pamoja na agizo lililofuata: kwamba watumishi ni ndugu, walishwe anachokula bwana wao, wavishwe anachovaa, na wasibebeshwe wasichokiweza. Kwa mtu wa pwani picha ni nyepesi kuiona: ni kama aliyeikata doti ya kanga, akachukua kipande kimoja na kumpa mwenzake cha pili, wakati desturi ingemruhusu kujifunga kimoja na kujitanda kingine. Neno lilikuwa limepita kwa pumzi moja. Jibu lake lilivaliwa kila siku, likachakaa na kufuliwa mbele ya macho ya watu.

Mtu aweza kupinga kwamba hata vazi lile halikumtoa mtumishi utumwani, na pingamizi hilo ni la haki. Waumini wa pwani waliisoma hadithi hii vizazi na vizazi huku soko la watumwa la Unguja likiendelea hadi lilipofungwa kwa mkataba wa 1873, na utumwa wenyewe ukabaki halali visiwani hadi 1897. Adabu ndani ya mfumo dhalimu haiufanyi mfumo kuwa wa haki. Lakini pingamizi hili linaongeza hoja kuliko linavyoipunguza, kwa sababu linaonyesha kwamba agizo la kuita watu ndugu, likisomwa kwa ukweli, lilikuwa limebeba ndani yake hukumu dhidi ya utumwa, na walioliungama midomoni huku wakinunua watu sokoni ndio walioukata mstari kabla haujafika mwisho. Neno zuri pia hupimwa kwa kazi yake, sawasawa na neno baya.

Maswali matatu, basi, yarudi kwa mahakimu wake. Neno limefanya nini ni swali ambalo shahidi wake wa kwanza ni aliyeumizwa, na mwenye kusikiliza huthibitisha kwa kuuliza yaliyotokea, kama ilivyofanywa kwa Abu Dharri. Nia ilikuwa nini ni swali la kweli, lakini hakimu wake ni dhamiri ya msemaji na Mola wake. Akilipeleka mbele ya aliyemuumiza ili kesi ifutwe, analiondoa mahali pake. Msemaji ni mtu wa namna gani ni swali ambalo halijafikia mwisho maadamu yu hai, na jamii inayolifunga kwa siku moja humnyima nafasi ya kulijibu yeye mwenyewe kwa anachokula, anachovaa na anayemkalisha naye mezani. Anayeambiwa leo kwamba neno lake limebagua hana haja ya kuanza kwa kuutetea moyo wake, ambao hakuna aliyeuliza habari zake. Ana haja ya kukiri alichokisema, kisha atazame nani katika nyumba yake, ofisi yake au msikiti na kanisa lake amevaa kipande kisicholingana na chake.